Litografia yenye sahihi ya Ionesco: unachonunua na unachouziwa

Kwenye minada midogo ya Uswisi, Ujerumani na Ufaransa kuna bidhaa isiyokauka: karatasi nzito yenye vijitu vya vijiti, wino mweusi au rangi mbili tatu, namba ya penseli chini kushoto na jina "Ionesco" chini kulia. Muuzaji ataandika kwamba ni kazi ya mwandishi mkubwa wa karne ya 20, na hapo hajadanganya. Eugène Ionesco alizaliwa Slatina, Romania, mwaka 1909, akaandika kwa Kifaransa, akafariki Paris tarehe 28 Machi 1994. Tamthilia yake La Cantatrice chauve inachezwa kwenye ukumbi mdogo wa Théâtre de la Huchette, Paris, tangu 1957. Mwaka 1960 Jean-Louis Barrault aliipandisha Rhinocéros jukwaani Odéon, na mwaka 1970 Ionesco akachaguliwa kuingia Académie française, baraza la heshima la lugha ya Kifaransa. Kwetu, aliyesoma fasihi amemkuta kwenye mada ya tamthilia za ubwege, zile zinazoonyesha maisha yasiyo na mantiki. Ila jina lililowahi kujaza kumbi siku hizi linaishi zaidi kwenye mitaala, na bei ya karatasi zake inalijua hilo: ni mamia ya euro, si maelfu.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa bei hiyo, litografia (chapa itokanayo na jiwe) safi iliyochapwa kwenye karakana ya Erker-Presse, St. Gallen, Uswisi, ni ununuzi mzuri kwa mtu anayependa tamthilia au anayependa chapa. Iliyobabuka kwa maunti mbovu (kadibodi inayoizunguka picha ndani ya fremu), iliyokatwa pambizo au iliyogandishwa kwenye kadibodi ni ghali hata kwa euro 50. Halafu kuna kundi la tatu, ambalo ndilo linalowaliza wanunuzi wa mtandaoni: nakala za ofseti (uchapaji wa mashine, kama wa magazeti), au kurasa zilizochanwa kitabuni, zinazouzwa kwa jina lile lile la "litografia yenye sahihi". Sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kukusaidia kulijua kundi hilo kabla hujalipa.

Kwanza kazi yenyewe. Ionesco alianza kuchora kwa dhati uzeeni. Kitabu chake Découvertes, kilichotolewa na Skira wa Geneva mwaka 1969, tayari kilikuwa na michoro yake, lakini chapa za mawe zinazozunguka sokoni nyingi zinatokana na ushirikiano wake na nyumba ya Erker, iliyoendeshwa na Franz Larese na Jürg Janett. Karakana hiyo ilikuwa imeshawachapia watu kama Antoni Tàpies, Eduardo Chillida na Asger Jorn, kwa hiyo mwandishi huyu alikabidhiwa kwa mafundi wasiobahatisha. Mwaka 1981 Erker ikatoa Le Blanc et le Noir, kitabu chenye maandishi yake na litografia 15. Kitabu hicho kikumbuke, tutakirudia tukifika kwenye ulaghai.

Hakuwa mchoraji wa kusomea, na mistari yake haijifichi. Vichwa ni duara, mikono iko juu, miguu ni vijiti viwili, kama watoto walivyochora kwa mkaa ukutani. Kwa maoni yetu za weusi na weupe ndizo bora, tena kwa mbali. Ndani ya weusi, hao vijitu wanakuwa kundi, wanasukumana, wanakaribia kuanguka nje ya karatasi, na unaiona tamthilia. Kwenye za rangi nyingi mkono wake hutawanyika, na rangi inajaribu kusaidia mahali ambapo mstari umelegea. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya mbili za bei moja, chukua nyeusi.

Sasa jiwe, kwa sababu bila kulielewa jiwe huwezi kuikagua karatasi. Litografia iligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, na hadi leo jiwe linalosifiwa ni chokaa laini ya Solnhofen, Bavaria hiyo hiyo. Kanuni ni moja tu: mafuta na maji havipatani. Jiwe husuguliwa kwa unga wa kaborandamu na maji, kuanzia chembe kubwa za namba 80 hadi ndogo za 220, mpaka uso uwe sawa na uwe na ukwaru mdogo sana. Jiwe la sentimita 50 kwa 65 lenye unene wa sentimita 8 lina uzito wa zaidi ya kilo 60, kwa hiyo kuligeuza tu ni kazi ya watu wawili. Msanii huchora kwa kalamu ya nta na mafuta, au kwa wino wa mafuta na brashi. Fundi hupaka unga wa ulanga, kisha gundi ya mgunga (ile ambayo Sudan ndiyo muuzaji wake mkubwa duniani) iliyotiwa matone machache ya asidi ya nitriki. Mchanganyiko huo hauchimbi picha kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kuzifanya sehemu zisizochorwa zipende maji, na sehemu zilizochorwa zibaki zikipenda mafuta. Baadaye kalamu huoshwa kwa tapentaini, na hapo asiyejua hushtuka, maana picha inapotea machoni. Haijaenda popote. Jiwe likiloweshwa kwa sponji na kupitishiwa rola yenye wino, picha inarudi.

Kila nakala inadai mzunguko huo: sponji, rola, karatasi, kugandamiza kwenye mashine, kubandua. Na kila rangi inadai jiwe lake. Litografia ya rangi tano imepita mashineni mara tano, na karatasi ikitanuka kwa unyevu kati ya mara moja na nyingine, rangi hazikutani. Utaona uzi mweupe kati ya nyekundu na nyeusi, au rangi imepanda juu ya mwenzake. Kupishana kwa nusu milimita ni kawaida ya kazi ya mkono. Milimita mbili ni uzembe, na karakana inayojiheshimu huitupa karatasi hiyo badala ya kuitia namba.

Makosa mengine ya jiwe nayo yanaonekana kwa mnunuzi. Jiwe likikauka kidogo kabla rola haijapita, wino hushika pasipotakiwa, na pambizo hupata ukungu wa kijivu. Asidi ikizidi, vivuli vyepesi hupotea na kubaki mistari mizito peke yake, kama picha iliyofotokopiwa mara nyingi. Asidi ikipungua, vivuli huzibana hadi sehemu ya kijivu inakuwa donge jeusi. Kwa Ionesco donge linadhuru kuliko kwa wengine, kwa sababu uhai wa vijitu vyake uko kwenye nafasi nyeupe kati ya miguu.

Pwani yetu, kwa njia nyingine, inaijua chapa ya mawe siku nyingi. Misahafu na vitabu vya dini vilivyochapwa kwa mawe Bombay viliuzwa na kusomwa sana Afrika Mashariki, na herufi zake zinafanana na za mkono kwa sababu ni za mkono: khatati aliandika, jiwe likanakili. Aliyewahi kushika msahafu wa namna hiyo, akaona wino ulivyolala bapa juu ya karatasi bila kuichimba, ameshajifunza nusu ya somo.

Kuna suala la kugeuka pia. Kinachochorwa moja kwa moja juu ya jiwe hutoka karatasini kimepinduka, kama kwenye kioo. Kwa hiyo jina linalosomeka sawasawa ndani ya picha ama liliandikwa kinyume kwenye jiwe, ama lilichorwa kwenye karatasi maalumu ya kuhamishia kisha likabandikwa jiweni. Njia zote mbili ni halali. Ila jina hilo la ndani ya picha si sahihi inayouzwa. Linachapwa kwenye kila nakala, hata nakala elfu. Sahihi yenye thamani ni ile ya penseli, chini ya picha, iliyowekwa karatasi kwa karatasi baada ya kuchapa.

Katalogi husema tofauti hiyo waziwazi kwa anayejua maneno. Kwa Kifaransa, "signée au crayon" ni sahihi ya penseli, na "signée dans la pierre" ni jina lililo jiweni. Kwa Kijerumani, "handsigniert" au "mit Bleistift signiert" ndilo unalolitaka, na "im Stein signiert" ndilo la kukupunguzia bei. Neno "d'après" au "nach" kabla ya jina la msanii lina maana kwamba mtu mwingine alinakili kazi yake, hivyo si litografia yake. Na "Offset" ni ofseti hata likifuatwa na sifa nzuri kiasi gani. Kwenye tovuti za matangazo huria wauzaji huyachanganya maneno haya, wengine kwa kutojua. Usilumbane nao, omba picha.

Picha za kuomba ni tano: karatasi nzima mbele ikiwa nje ya fremu, karatasi nzima nyuma, sahihi kwa karibu huku taa ikimulika kutoka ubavuni, namba kwa karibu, na kona moja ya picha iliyopigwa kupitia lenzi. Muuzaji anayesema fremu haifunguki anakwambia mojawapo ya mambo mawili: hajui anachouza, au anajua. Bei yako iwe ya fremu.

Lenzi ya fundi saa inayokuza mara 10 inatosha, na ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote. Weka kwenye ukingo wa mstari mweusi. Kwenye chapa ya jiwe, mstari wa kalamu ya nta unaishia kwa punje punje zisizo na mpangilio, kubwa na ndogo, kama chaki iliyopita juu ya sakafu ya saruji. Huo ni ukwaru wa jiwe lenyewe. Ukiona badala yake vidoti vilivyojipanga kwa safu, vya samawati, waridi, njano na nyeusi vikifanya maua madogo, hiyo ni ofseti ya rangi nne, sawa na jalada la gazeti. Ukiona vidoti vidogo mno vilivyonyunyizwa kama vumbi, bila ukingo, hiyo ni printa ya wino. Eneo la rangi moja bapa ndilo linalotatanisha, kwani hata ofseti inaweza kuchapa rangi bapa bila vidoti. Hapo usihukumu kwa katikati ya rangi. Nenda kwenye ukingo na kwenye sehemu ambazo brashi ilikauka, utafute punje.

Kisha hamia kwenye sahihi na lenzi hiyo hiyo. Penseli ni grafaiti: ikimulikwa ubavuni inang'aa kama risasi, inakaa juu ya vilima vya nyuzi za karatasi na kuruka mabonde, na nyuma ya karatasi kidole kinaweza kuhisi mbinyo wake. Sahihi iliyochapwa haing'ai, na wino wake una sura ile ile ya wino wa picha. Angalia pia kasi. Mtu anayesaini karatasi 100 kwa kikao kimoja anaandika haraka, herufi za mwisho zinalegea, penseli inachakaa na mistari inanenepa. Mwigaji huandika polepole, na mwendo huo unamfichua: mstari una unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na mahali pa kupinda una mtetemo. Sahihi za Ionesco za kulinganishia hazina shida kupatikana, kwa kuwa vitabu na barua alizosaini hupita mnadani mara kwa mara na picha zake ziko wazi kwenye katalogi za zamani. Linganisha na angalau tatu za miaka ya karibu. Sahihi ya 1955 haitakusaidia kwa karatasi ya 1985.

Tukirudi kwenye Le Blanc et le Noir. Kitabu chenye picha nyingi za kurasa nzima ni shamba la mhalifu mvivu. Ukurasa unakatwa, unawekwa maunti inayoficha kingo, jina linaongezwa kwa penseli, na bei inapanda mara kumi. Dalili zake ni za kimwili. Ukingo mmoja umenyooka kupita kiasi kwa kuwa ni wa wembe, huku mitatu mingine ikiwa ya kiwandani. Kuna mkunjo mdogo au matundu ya uzi upande wa mgongo wa kitabu. Nyuma kuna maandishi, au kivuli hafifu cha maandishi ya ukurasa uliokuwa ukiutazama. Nafasi ya chini ya picha ni finyu, sahihi imebanwa. Anayepanga litografia ya kusainiwa humwachia msanii pambizo ya kutosha, sentimita nne tano hivi. Kwa sababu hiyo usikubali vipimo vya "eneo linaloonekana" ndani ya maunti. Dai vipimo vya karatasi yote, ukivilinganishe na vilivyochapishwa kwenye katalogi za mnada za nakala nyingine za picha hiyo. Pungufu ya sentimita moja ina maelezo: mtu amekata.

Muhuri mkavu, yaani ule usio na wino unaobinya karatasi tu, hupatikana pembeni kwenye kazi nyingi za karakana hizi. Upitishie taa ya ubavuni, usome jina. Kuwepo kwake ni hoja nzuri. Kutokuwepo si msiba, hasa kwenye nakala zilizo nje ya namba za toleo. Karatasi nayo ina ushahidi: Rives na Arches, karatasi za pamba zinazopendwa kwa kazi hii, mara nyingi zina alama ya maji inayoonekana ukiinua karatasi dhidi ya dirisha. Ukimulika kwa taa ya miale ya zambarau (UV) na karatasi ikawaka samawati kali kama shati jeupe kwenye disko, shuku karatasi ya bei rahisi yenye king'arisho. Peke yake hiyo haitoshi kuhukumu, maana karatasi zenye king'arisho zilikuwepo tayari miaka ya 1980.

Kuhusu namba, kuna imani moja isiyokufa: kwamba 3/100, yaani nakala ya tatu kati ya 100, ni bora kuliko 97/100. Kwa michoro ya kuchonga kwenye shaba labda kuna hoja, sababu bamba huchakaa. Jiwe haliwahi kuchakaa kwa nakala 100, na karatasi zinapofika mezani kusainiwa zimeshachanganywa, hivyo namba haifuati mpangilio wa kuchapwa. Usilipe zaidi kwa namba ndogo. "E.A." ni nakala ya msanii na "H.C." ni nakala isiyokusudiwa kuuzwa, na kwa kawaida ni sehemu ndogo ya toleo. Kwa Ionesco hazistahili nyongeza ya bei. Zikianza kuonekana E.A. nyingi za picha moja kutoka kwa muuzaji mmoja, ondoka.

Cheti cha uhalisi kinachochapwa na muuzaji mwenyewe hakina uzito wowote. Risiti ya zamani ya ghala la sanaa, lebo nyuma ya fremu, ukurasa wa katalogi yenye namba ya nakala yako: hivyo ndivyo vyenye uzito. Kalenda nayo itumie. Karatasi yenye tarehe ya penseli baada ya Machi 1994 haikusainiwa na Ionesco. Kanuni hiyo inawaokoa zaidi wanunuzi wa Jean Cocteau, mwandishi mwingine wa tamthilia aliyechora, na anayeigwa kuliko huyu: alifariki 1963, na chochote cha "Cocteau" kilichochapwa baadaye hakina sahihi ya mkono wake.

Hali ya karatasi ndiyo inayopanga bei ndani ya kundi la halali. Ugonjwa wa kwanza ni mbabuko wa maunti: mstari wa kahawia unaoizunguka picha, umbali sawa pande zote, uliotokana na kadibodi yenye asidi. Katalogi za Kijerumani zitaandika "gebräunt", na karatasi iliyobadilika rangi pale mwanga ulipoifikia ni "lichtrandig". Madoa ya kutu, "rousseurs" kwa Kifaransa na "stockfleckig" kwa Kijerumani, yanaletwa na ukungu na chembe za madini zikipata unyevu. Matatu pembeni yanavumilika. Yakiwa usoni mwa picha, achana nayo, kwani kuyasafisha kwa mhifadhi wa karatasi kunaweza kukugharimu kupita bei ya karatasi yenyewe. Neno "insolée" ni kuungua na jua: wekundu ndio huondoka kwanza, na nakala ya rangi iliyokosa wekundu wake haiponi. Selotepu nyuma huacha doa la njano ambalo huvuka hadi mbele. Mikunjo midogo yenye umbo la mwezi mwandamo ni vidole vya aliyeiinua kwa mkono mmoja. Yote haya yana bei yake. Lisilo na bei ni kugandishwa: litografia iliyobandikwa yote kwenye ubao kwa gundi ya joto tunaihesabu kama bango.

Hesabu ya malipo iwekwe kabla ya kunyanyua mkono. Tuseme nyundo ya mnada imeanguka kwenye euro 150, yaani hiyo ndiyo bei uliyoshinda. Ada ya mnada ya asilimia 28 ni euro 42, umefika 192. Ufungaji na usafirishaji wenye bima kwenda nje ya Ulaya hupita kirahisi nusu ya bei ya nyundo, na baadhi ya nyumba za mnada hazifungi zenyewe, zinakuelekeza kwa kampuni ya nje yenye kima cha chini chake. Ile haki ya msanii kwenye mauzo ya marudio, ambayo Ufaransa huanza kudaiwa kwenye euro 750, kwa bei hizi haikufikii. Ukija kuuza, ada ya upande wa muuzaji itakula tena. Ndiyo maana hatuishauri kama akiba. Mwenye nia ya kuweka fedha akanunue kiwanja.

Forodha ina kitu kimoja cha kuangalia kwa makini. Litografia halisi ina kifungu chake, 97.02, kwa chapa zilizotolewa moja kwa moja kutoka bamba au jiwe lililofanyiwa kazi yote kwa mkono na msanii, bila njia ya mashine wala ya picha. Picha nyingine zilizochapwa huangukia 49.11. Ankara iliyoandikwa "poster" itakupeleka kwenye kifungu cha pili, na kubishana bandarini au uwanja wa ndege ni kazi ya siku. Mwambie muuzaji aandike jina la msanii, mwaka, neno litografia, "printed from stone, hand-signed, numbered", namba ya nakala na bei halisi uliyolipa. Kiwango cha ushuru mwulize wakala wako kabla mzigo haujaondoka, na namba ya kifungu umpe wewe.

Kuhusu safari: bapa ni bora kuliko kuviringisha. Karatasi inakaa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kati ya mbao mbili za kadibodi yenye mawimbi, mawimbi ya moja yakikatana na ya nyingine, zikizidi karatasi kwa sentimita 5 kila upande. Ikibidi bomba, lisiwe chini ya kipenyo cha sentimita 10. Karatasi ya gramu 250 ikibanwa ndani ya bomba jembamba hupata mivunjiko midogo, na wino mzito mweusi hupasuka juu yake. Ikifika usiikunjue papo hapo. Iache chumbani saa kadhaa izoee hewa, kisha ilaze chini ya karatasi safi ya kunyonya na ubao wenye uzito mwepesi kwa siku moja au mbili.

Fremu itakugharimu, pengine kuliko chapa. Lakini ukiokoa hapa umepoteza yote. Kwa fundi fremu wa mtaani, taja mambo manne bila kumung'unya: maunti ya pamba isiyo na asidi mbele na nyuma, hakuna selotepu wala gundi ya kopo, ila bawaba mbili za karatasi ya Kijapani juu kabisa, kwa gundi ya wanga wa ngano, karatasi isiguse kioo, pambizo zisikatwe hata kama fremu aliyonayo dukani ni ndogo. La mwisho lirudie mara mbili. Mafundi wengi hukata kwa nia njema, ili picha "ikae", na namba na sahihi hubaki kwenye pipa la takataka. Mwache afunge mbele ya macho yako.

Kwa wanaoishi Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Muscat, unyevu ndio adui, sio wizi. Karatasi hupenda unyevu wa karibu asilimia 50, na hewa ya pwani hukaa juu ya hapo miezi mingi ya mwaka. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ukuta wa bafu, wala mkabala na kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana, kwani kupanda na kushuka huko ndiko kunakoikunja. Bandika vipande vya kizibo kwenye kona za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Kioo cha kuchuja miale ya zambarau kinasaidia, lakini hakiruhusu kuiweka mkabala na dirisha la magharibi. Kila baada ya miezi sita ishushe, utazame nyuma: vumbi laini la kahawia kwenye pembe ya chini ni mchwa au wadudu wa karatasi, na hapo fungua fremu siku hiyo hiyo.